Mawimbi ya ubongo: EEG inaandika nini, na haiandiki nini

Kuna picha moja inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kampala. Ina mistari mitano ya rangi tano, kila mmoja ukiwa aina ya mawimbi ya umeme wa ubongo yanayoandikwa na kipimo kiitwacho EEG: delta ni usingizi mzito, theta ni ndoto na ubunifu, alfa ni utulivu, beta ni kazi na wasiwasi, gama ni upeo wa akili. Chini yake huwa pana kiungo cha kununua muziki wa "kufungua theta", au namba ya simu ya mtu atakayekufundisha kupandisha gama. Tarakimu zilizomo kwa kawaida ni sahihi. Delta ni mizunguko 0.5 hadi 4 kwa sekunde, theta 4 hadi 8, alfa 8 hadi 13, beta 13 hadi 30, na gama ni chochote kilicho juu ya 30. Mzunguko mmoja kwa sekunde ndio hezi moja, na hapa tutatumia hezi ili tusirudierudie.

Kosa liko kwenye lile neno "ni". Delta ileile utaikuta kwa mtu aliyelala fofofo, kwa kichanga aliye macho ananyonya, kwa mgonjwa aliye kwenye koma, na juu ya uvimbe uliokaa upande mmoja wa ubongo wa mtu anayezungumza nawe vizuri tu. Kwa hiyo anayejua kusoma mawimbi haishii kuhesabu ni mangapi kwa sekunde. Anauliza yametokea sehemu gani ya kichwa, macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, mtu ana umri gani, amemeza dawa gani, na swali ambalo wauzaji wa muziki hawaligusi kabisa: je, huu ni ubongo kweli, au ni kope, jasho na jenereta ya jirani?

Umeme unaopimwa ni mdogo mno. Moyo kwenye ECG hutoa kama milivolti 1. Mawimbi ya ubongo, yakipimwa juu ya ngozi ya kichwa, huwa kati ya maikrovolti 10 na 100, yaani aghalabu hayafiki hata moja ya kumi ya umeme wa moyo. Seli moja ya neva haiwezi kusikika kupitia fuvu. Ni lazima seli nyingi sana za gamba la ubongo, zilizopangika sambamba, zipokee ishara kwa pamoja katika eneo la sentimita 6 za mraba au zaidi, ndipo kalamu isogee. Hapo ndipo picha ya WhatsApp inapopotosha tena: wimbi kubwa si dalili ya ubongo wenye nguvu. Ukiwa macho unafikiri, kila kundi la seli lina shughuli yake, mawimbi yanakatana na kuwa madogo ya haraka. Ukilala, thalamasi (kituo cha kupokezana ishara katikati ya ubongo) na gamba huingia kwenye mwendo mmoja, na mawimbi yanakuwa makubwa ya polepole. Yale yanayotokea chini kabisa, kwenye shina la ubongo, EEG ya kawaida haiyaoni.

Wa kwanza kuandika mawimbi haya kwa binadamu alikuwa Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alikaa nayo hadi 1929 ndipo akachapisha, na kwa miaka kadhaa wenzake hawakumwamini, mpaka Adrian na Matthews wa Cambridge waliporudia jaribio lake mwaka 1934. Richard Caton wa Liverpool alikuwa ameshauona umeme wa ubongo wa sungura na nyani mwaka 1875. Alichokiona Berger kwanza ndicho ambacho fundi wa EEG hukiangalia hadi leo: mtu akifumba macho, mawimbi ya hezi 10 hivi huchomoza kisogoni, akifumbua, yanatoweka.

Hapa kwetu kazi huanza na nywele, na hapo ndipo vipimo vingi huharibika kabla mashine haijawashwa. Mafuta ya nywele, vaselini, jeli na dawa ya kulainisha huweka utando kati ya ngozi na elektrodi, yaani kikombe kidogo chenye waya kinachonasa umeme kichwani. Nywele zioshwe usiku wa kuamkia kipimo kwa sabuni au shampuu, zikauke, zisipakwe kitu. Wigi na nywele za kushonea zitolewe. Rasta nene zinazofunika ngozi zifumuliwe, lakini si lazima kila aliyesukwa afumue: mistari ya kusuka ikipitishwa pembeni ya sehemu za elektrodi, ngozi inabaki wazi na kipimo kinakwenda vizuri. Watafiti wa Carnegie Mellon, Marekani, wamefika mbali zaidi, wakatengeneza vibanio vinavyoshikilia elektrodi katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Mama anayelipia saluni leo na kufumuliwa kesho asubuhi ana haki ya kukasirika. Aambiwe haya siku anapopewa tarehe, kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kiganda au Kiacholi. Na aambiwe pia kwamba mashine haipeleki umeme kichwani. Wengi hufika wakiamini wanapigwa shoti.

Kisha kichwa kinapimwa kwa tepu ya fundi cherehani. Utaratibu unaotumika duniani kote unaitwa 10–20, uliochapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958, na jina linatokana na asilimia. Unapima kutoka kwenye bonde lililo kati ya pua na paji la uso, kupita utosini, hadi kwenye kinundu cha mfupa wa kisogo. Tuseme ni sentimita 36. Asilimia 10 ni 3.6, hapo unaweka alama ya kwanza kwa penseli ya nta. Asilimia 20 ni 7.2, kwa hiyo alama zinazofuata zinaangukia 10.8, 18, 25.2 na 32.4. Ile ya 18 ni ya utosini, inaitwa Cz, lakini bado haijathibitishwa: pima tena kutoka kijishimo kilicho mbele ya sikio la kushoto hadi cha kulia, nusu yake ikatane na 18 ileile. Zisipokutana, mojawapo ya vipimo vyako ni kibaya, rudia. Mwisho unazungusha tepu kichwani kupitia ile alama ya paji la uso na ile ya kisogoni. Kwa mzunguko wa sentimita 55, elektrodi iitwayo Fp1 inakaa 2.75 kushoto kwa mstari wa kati, na F7 inafuata 5.5 baadaye. Namba witiri ni kushoto, shufwa ni kulia, na z ni mstari wa kati. Elektrodi za kawaida ni 21, mbili kati yake zikiwa za masikioni.

Kwa nini uhangaike na milimita? Kwa sababu EEG inasomwa kwa kulinganisha kushoto na kulia. Ukiweka elektrodi ya kulia nje ya mahali pake kwa sentimita 2, upande mmoja utaonekana una mawimbi madogo kuliko mwingine, na mtu mzima wa afya atapewa rufaa ya kipimo cha CT kwa sababu ya tepu iliyolegea.

Chini ya kila alama, gawanya nywele kwa mkia wa kitana, sugua ngozi kwa pamba yenye jeli ya chembechembe mpaka iwe safi bila kuchubuka, jaza kikombe cha elektrodi kwa uji mzito wa chumvi, bandika, kandamiza, funika kwa kipande cha shashi. Halafu mashine ipime ukinzani, yaani kiasi ambacho umeme unazuiwa kati ya ngozi na elektrodi. Kanuni ya siku zote ni chini ya kilo-omu 5, ingawa vikuza-ishara vya kisasa vinavumilia hadi 10. Wanaoanza hufurahi wakiona namba ndogo sana. Ikiwa chini ya omu 100, shituka: uji umetapakaa kutoka elektrodi moja hadi nyingine, na sasa mbili zimekuwa moja. Mstari unaozilinganisha hizo mbili utalala bapa, na msomaji asiyejua ataandika kwamba sehemu hiyo ya ubongo imenyamaza. Hutokea sana kwenye vichwa vidogo vya watoto na siku za joto. Dawa yake ni kung'oa, kufuta, na kuweka uji kidogo zaidi.

Umeme wa ukutani ndio adui wa pili. Wa kwetu ni hezi 50, nao unapenya kama mnyororo mweusi mnene juu ya kila mstari. Mashine zina chujio la kuuondoa, ila usikimbilie kuliwasha. Mvumo ukiwa kwenye mstari mmoja tu, elektrodi ya mstari huo imelegea, na chujio litaficha ubovu badala ya kuuponya. Ukiwa kwenye mistari yote, angalia elektrodi ya rejea na ya ardhi kwanza, kisha chumba: chaja ya simu, taa za mirija, friji iliyo upande wa pili wa ukuta. Chomoa kompyuta uiendeshe kwa betri na mara nyingi nusu ya tatizo inaondoka. Mashine iliyotoka Marekani kama msaada huja ikiwa imewekwa kuchuja 60, kwa sababu ndio umeme wa kule, na itaendelea kuchuja 60 mpaka mtu afungue menyu abadilishe. Umeme ukikatika na jenereta ikaingia, usiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Andika kwenye rekodi saa ileile, maana yule mruko utafanana na kitu kingine wiki ijayo utakapokuwa umesahau.

Mipangilio ya kuanzia ni ya kawaida: unyeti maikrovolti 7 kwa milimita, mwendo milimita 30 kwa sekunde, chujio la chini 1 na la juu 70. Kuna wanaoteremsha la juu hadi 15 ili karatasi ipendeze. Matokeo yake misuli ya taya, ambayo ilikuwa inajulikana wazi kuwa misuli, inalainishwa mpaka inafanana na beta au hata na ncha za kifafa, yaani mawimbi mafupi yaliyochongoka. Mwambie mgonjwa alegeze taya, afungue mdomo kidogo. Ni bure na inafanya kazi.

Kufumba na kufumbua macho nako kunaandika. Mboni ni chanya ukilinganisha na nyuma ya jicho. Ukifumba, jicho hupanda juu kidogo, na mstari wa mbele unaruka kwa wimbi kubwa la polepole ambalo asiyejua ataliita delta. Jasho hutoa wimbi la polepole zaidi, linaloyumbisha ukurasa mzima, na Gulu mwezi wa Februari hilo ni tatizo la kila siku. Feni inayoelekezwa kichwani si suluhisho, kwa sababu inatikisa waya. Ielekeze miguuni.

Kipimo chenyewe kisipungue dakika 20 za kurekodi kusiko na uchafu. Mgonjwa asije na njaa, maana sukari ikishuka mawimbi nayo yanapungua kasi. Asiache dawa za kifafa kwa uamuzi wake. Akiambiwa apunguze usingizi, mtu mzima alale kama saa sita usiku aamke saa kumi alfajiri, asinywe chai ya rangi wala kahawa, na asije peke yake nyuma ya boda boda. Mtu mwenye kifafa aliyenyimwa usingizi ndiye hasa anayeweza kupata degedege njiani.

Katikati ya kipimo ataombwa apumue kwa nguvu na kwa kina kwa dakika 3. Kwa mtoto anayepotelewa na fahamu kwa sekunde chache darasani, yule mwalimu anayemwita mzembe, hapa ndipo ncha na mawimbi ya hezi 3 hulipuka ghafla kichwa kizima, na mtoto ananyamaza katikati ya kuhesabu. Lakini kuna watu wasiofanyishwa zoezi hili: waliopata kiharusi karibuni, wenye ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu, na wenye selimundu, au siko seli kama wengi tunavyosema. Kupumua kwa nguvu hubana mishipa ya damu ya ubongo, na kwa mwenye siko seli hiyo inaweza kuleta kiharusi. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa Uganda wamebeba kijeni cha siko seli, na kaskazini na mashariki ndiko kulikozidi. Swali hilo liulizwe kila mara, hata foleni ikiwa ndefu.

Baadaye taa inamulikwa kwa midundo, kutoka 1 hadi 30 kwa sekunde, kutafuta wachache ambao mwanga unaomemeteka huwaletea kifafa.

Umri ndio unaowapiga chenga wengi. Mdundo wa kisogoni wa mtoto wa miezi 4 ni kama hezi 4. Akitimiza mwaka ni 6, miaka 3 ni 8, na akikaribia 10 anafika kwenye 10 ya mtu mzima. Kwa hiyo theta ya mtoto wa mwaka mmoja ni afya njema. Theta hiyohiyo kisogoni kwa mzee wa miaka 40 aliye macho inataka maelezo. Dawa nazo zina sahihi zake. Diazepamu na fenobabito huongeza beta mbele ya kichwa, na mgonjwa anaweza kuwa anasinzia wakati karatasi inaonyesha mawimbi ya "kazi na wasiwasi".

Usingizi ndio mahali ambapo ile picha ya rangi tano inakaribia kuwa kweli, na hata hapo inachechemea. Wataalamu wanasoma usiku kurasa kwa kurasa, kila ukurasa sekunde 30. Unapoanza kusinzia, alfa inavunjika, theta inaingia, macho yanazunguka polepole. Baada ya dakika chache vinatokea vishada vya hezi 11 hadi 16 vinavyodumu angalau nusu sekunde, pamoja na wimbi moja moja kubwa linaloitwa K: hiyo ni hatua ya pili, na ndiyo inayochukua karibu nusu ya usiku. Mawimbi ya polepole yenye kimo cha zaidi ya maikrovolti 75 yakijaza angalau asilimia 20 ya ukurasa, umefika usingizi mzito. Baada ya kama dakika 90 tangu ulale, karatasi inageuka ghafla. Mawimbi madogo, ya haraka, mchanganyiko, kama ya mtu aliye macho, ilhali misuli imelegea kabisa na macho yanarukaruka chini ya kope. Aserinsky na Kleitman wa Chicago waliieleza hali hii mwaka 1953, na ndiyo yenye ndoto nyingi. Ukimpa mtu mstari mmoja wa ubongo peke yake, bila wa macho na wa kidevu, anaweza kushindwa kukuambia kama mwenyewe yuko macho au anaota.

Usingizi mzito unajaza nusu ya kwanza ya usiku, ndoto nusu ya pili. Waragi unavuruga mpangilio huo kwa namna inayodanganya: unalala haraka, ndoto zinabanwa, kisha pombe ikiisha mwilini alfajiri ndoto zinarudi kwa fujo na usingizi unakatikakatika. Mairungi inafanya kinyume, inachelewesha usingizi wenyewe. Anayesema "mimi nikipiga moja nalala vizuri" anasema kweli kuhusu saa tatu za kwanza tu.

Na nchi hii ina somo lake kuhusu usingizi. Malale yaliyoanza kuua Busoga na pwani za ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita ndiyo yaliyomleta daktari Mwitalia Castellani Entebbe, akawaona vimelea vya tripanosoma kwenye maji ya uti wa mgongo mwaka 1903, na Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, akathibitisha kuwa mbung'o ndiye mbebaji. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za ugonjwa huu, ile ya polepole kaskazini-magharibi, upande wa Arua, Moyo na Adjumani, na ile ya haraka mashariki. Mwaka 2022 WHO ilithibitisha kuwa ile ya polepole si tatizo tena la afya ya umma hapa. Wagonjwa walipofungwa elektrodi kwa saa 24, ilionekana kwamba jumla ya usingizi wao haizidi sana ya mtu mzima wa afya. Kilichovunjika ni ratiba. Wanalala vipande vipande mchana na usiku bila tofauti, na wanaangukia kwenye usingizi wa ndoto ndani ya dakika chache badala ya kusubiri zile 90. Mgonjwa akitibiwa, mpangilio unarudi. Hakuna hata wimbi moja geni katika hayo yote.

Kitgum, Pader na Lamwo wanajua ugonjwa mwingine wa aina hii, ule wa watoto kutikisa kichwa. Mtoto anawekewa chakula, kichwa kinaanza kuanguka mbele na kuinuka, mara kadhaa kwa dakika, na wengine walidhani ni kusinzia au pepo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa watoto wa Kitgum uliobandika elektrodi kichwani na kwenye misuli ya mgongo kwa wakati mmoja. Kichwa kilipoanguka, mawimbi ya ubongo yalilala ghafla kote, na misuli ikakatika kwa pamoja: kifafa cha kulegea. Nje ya matukio hayo, wengi walikuwa na ncha na mawimbi ya hezi 2.5 hadi 3. Bila ule mstari wa misuli, kulala kwa mawimbi kungeweza kuitwa hitilafu ya waya. Ugonjwa huo unaambatana na usubi, yaani upofu wa mtoni unaoenezwa na nzi wa mito, na baada ya mito kuwekewa dawa na ivamektini kugawiwa mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya walipungua sana.

Tukigeukia chumba cha upasuaji, lile neno "ni" linavunjika kabisa. Propofoli, dawa ya nusukaputi, humfanya mtu apoteze fahamu huku alfa ikionekana, ila sasa iko mbele ya kichwa badala ya kisogoni, ikiwa juu ya mawimbi ya polepole. Alfa hiyo haina utulivu wowote ndani yake. Ketamini, ambayo hospitali zetu nyingi za wilaya zinaitegemea, huleta beta na gama nyingi kwa mtu asiyejua hata anakatwa. Vifaa vinavyobadilisha EEG kuwa namba moja kati ya 0 na 100, vikilenga 40 hadi 60 wakati wa upasuaji, hupandisha namba ketamini inapoingia, kana kwamba mgonjwa anaamka. Ofisa wa nusukaputi asiyelijua hilo ataongeza dawa bila sababu. Kinyume chake kimejulikana tangu 1952, mtafiti Wikler alipowapa mbwa atropini: mawimbi yakawa ya polepole kama ya usingizi, na mbwa wakabaki macho.

Kwenye wadi, koma hupimwa kwanza kwa macho na mikono. Kwa watu wazima ni kipimo cha Glasgow cha 1974, alama 3 hadi 15. Kwa mtoto mdogo mwenye malaria ya ubongo ni kile cha Blantyre, 0 hadi 5, na 2 kushuka chini ni koma. EEG inaongeza jambo moja la maana sana hapo: mtoto anayeonekana ametulia anaweza kuwa bado kwenye degedege, dalili pekee ikiwa macho yaliyogeukia upande mmoja, kidole kinachochezacheza au pumzi inayokatika. Muuguzi asiye na EEG azitafute hizo dalili tatu kwa tochi. Na mwaka 2019 madaktari wa New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 104 wasioitikia amri yoyote kitandani. Waliwaambia wafungue na kufumba mkono huku kompyuta ikichambua mawimbi. Kwa 16 kati yao ubongo uliitikia ingawa mkono haukusogea. Baada ya mwaka, 7 kati ya hao 16 waliweza kujihudumia kwa saa kadhaa kwa siku, dhidi ya 12 kati ya 84 waliofuatiliwa ambao ubongo wao haukuitikia.

Sasa ule muziki. Ukiweka sauti ya hezi 200 sikio la kushoto na 210 la kulia, utasikia mdundo wa 10 ambao haupo kwenye sauti yoyote kati ya hizo. Heinrich Wilhelm Dove wa Ujerumani aliugundua karne ya 19. Unahitaji vipokea sauti vya masikio yote mawili. Ukitumia spika, sauti zinachanganyikana hewani na hilo ni jambo jingine. Simu ikiwa kwenye mono, hakuna kitu. Kama mawimbi ya ubongo hufuata mdundo huo, majaribio yanapingana, na hata yakifuata kidogo, kuwa na hezi 6 masikioni si kuwa ndotoni. Usikilize ukipenda. Programu za taa zinazomemeteka ndizo za kuepuka ikiwa kuna kifafa nyumbani.

Kwa mikanda ya kichwani inayouzwa mtandaoni, ijaribu kabla hujaiamini. Fumba macho sekunde 10, fumbua 10, mara tano. Alfa isipopanda na kushuka, mkanda hauoni kisogo chako, ingawa wapo watu wachache wa afya wenye alfa hafifu. Kisha kaza meno. "Gama" ikiruka, umepima taya. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walipima watu waliojitolea kulegezwa misuli yote kwa dawa wakiwa na fahamu zao, na sehemu kubwa ya kilichokuwa juu ya hezi 20 ilitoweka.

Ukipewa ripoti, tazama kama imetaja umri, dawa, usingizi, kupumua kwa nguvu, na mdundo wa kisogo kwa hezi. Ripoti isiyotaja hayo irudishwe kwa aliyeiandika. EEG ya kwanza hukosa alama za kifafa kwa takriban nusu ya wenye kifafa. Kurudia pamoja na kulala hupandisha unasaji hadi kama asilimia 80. Na wapo watu wazima wachache wenye ncha kwenye karatasi ambao hawajawahi kuanguka maishani, wasianzishiwe dawa kwa ajili ya karatasi. Kinachoamua zaidi ni maelezo ya aliyeona, na leo hiyo ni kazi ya simu. Rekodi tukio tangu mwanzo, uso na mikono yote ionekane, taja saa kwa sauti, mwite jina. Onyesha hasa macho: kwenye kifafa kwa kawaida yanabaki wazi, na yakifumbwa kwa nguvu muda wote, daktari ataanza kufikiria kitu kingine. Usiache kurekodi degedege likiisha; dakika mbili zinazofuata, za kuchanganyikiwa na kukoroma, zina habari nyingi kama zile za kwanza.